Swali la benchi la nyuma

Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza wa mashimo meusi, alifariki Jumatano, tarehe 14 Machi 2018. Siku hiyo nilikuwa na vipindi viwili mfululizo vya Kidato cha Sita kabla ya uji wa saa nne. Shule ilikuwa huko juu milimani Lushoto, na ukungu ulikuwa ukiingia darasani kupitia dirisha lililovunjika kioo. Mtihani wa taifa ulikuwa Mei na tulikuwa nyuma ya mada, lakini wanafunzi walishasikia habari redioni. Nikaona si vizuri kumpita mzee yule kimya kimya.

Nikawaeleza mashimo meusi, yale yenye mvutano mkali hata mwanga hauchomoki, kama nilivyofundishwa chuoni: nyota kubwa huishiwa fueli, kiini chake hushindwa kujibeba, kikajiporomokea. Nikaongeza, kwa sauti ya mwalimu asiyetarajia kupingwa, kwamba bila nyota kufa hakuna shimo jeusi.

Binti mmoja wa benchi la nyuma akanyoosha mkono. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini swali lake lilikuja kwa Kiswahili, kama yanavyokuja maswali yenye uzito.

"Samahani Mwalimu. Mwanzoni kabisa, kabla ya nyota, si kila kitu kilikuwa kimebanana? Mbona hakikuporomoka?"

Nikamjibu kwamba ulimwengu ulikuwa unatanuka. Kengele ikalia, na sijawahi kuifurahia kengele kiasi kile.

Usiku nikanunua bando, nikakaa na simu mpaka macho yakauma. Kumbe Zel'dovich na Novikov, wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, walishaliandikia jambo hilo katika miaka ya 1960. Halafu mwaka 1971 akaja mwingine kuonyesha kwamba mashimo meusi madogo sana yangeweza kuzaliwa mwanzoni mwa ulimwengu bila nyota yoyote. Huyo mwingine ni Hawking. Nilikuwa nimemwombolezea mtu huku nikiikana kazi yake.

Kesho yake nikaingia darasani, nikaandika ubaoni: "Jana nilikosea." Wakacheka, nikawaacha wacheke.

Nikawaambia kutanuka kulikuwepo kweli, na presha ya mwanga nayo ilikuwa kali, inasukuma nje. Ila ikitokea sehemu moja imezidi majirani zake kwa unene wa kutosha, uzito wake unaishinda presha na sehemu hiyo inajifunga. "Kama madonge kwenye uji," akasema binti yule. Sikuwa na mfano bora, nikauchukua.

Ukubwa wa donge unategemea saa ya kuzaliwa, maana haliwezi kukusanya maada kutoka mbali kuliko mwanga ulivyokwisha kusafiri. Kwa makisio, chukua kasi ya mwanga kipeo cha tatu, zidisha kwa muda tangu mwanzo, gawa kwa G, ile namba ya mvutano katika kanuni ya Newton. Kalkuleta zikatoka. Sekunde moja baada ya mwanzo unapata mashimo yenye uzito wa majua kama 200,000. Rudi nyuma hadi sekunde 10⁻²³, unapata tani bilioni 4, uzito wa mlima. Nyota haiwezi kukupa shimo dogo hivyo hata ufanyeje.

Na ni udogo huo uliomfikisha Hawking mwaka 1974 kwenye hesabu yake maarufu: shimo jeusi linavuja joto, na kadiri lilivyo dogo ndivyo linavyokuwa la moto. Lenye uzito wa Jua ni baridi kupita kiasi, halifikii hata sehemu ya milioni moja ya digrii juu ya sufuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Lakini lililozaliwa na tani kama milioni 500 lingekuwa linamalizikia kuyeyuka siku zetu hizi, kwa mlipuko wa miale ya gama. Darubini zimetafuta mlipuko huo na hazijaupata, na mzee amekwenda bila Nobel.

"Hilo la tani milioni 500 lina ukubwa gani?" Tukapiga hesabu pamoja: linakaribia protoni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu. Nikaweka nukta ya chaki ubaoni, kisha nikaifuta kwa kidole. Ilikuwa kubwa mno.

Binti akarudi kwenye kalkuleta bila kuambiwa. Alitumia kanuni ya Newton, ile ya Kidato cha Tano. "Mwalimu, likiwa mita moja kutoka kwangu linanivuta kwa 33. Dunia yote hii inanivuta kwa 9.8."

Nikamwambia asihofu kuvutwa, kwani lingetoa miale ya zaidi ya megawati 1,000, tungeungua kwanza. Darasa likaguna, umeme wetu ulikuwa umekatika tangu Jumanne.

Yeye hakucheka. Alikiangalia kipande cha chaki nilichokuwa nimekiacha mezani kwake, akapima umbali kwa macho, akasogeza kiti nyuma.