Mkono Ndani ya Gunia

Leo asubuhi vijana wamekuta gunia la majani ya chai limesahaulika tangu jana chini ya mparachichi. Kulifungua tu, harufu ikatoka: tamu, nzito, kama ndizi za pombe zilizofunikwa shimoni siku ya nne. Ikanirudisha Kyenjojo, magharibi mwa Uganda, Aprili ile ya 2020.

Wachumaji wetu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi, walikuwa wamekwenda kwao mapema Machi kupanda maharage, kama kila mwaka, warudi wiki ya mwisho ya mwezi mvua ikiwa imekolea. Machi 25, kwa sababu ya korona, usafiri wa umma ukapigwa marufuku. Tarehe 30 magari binafsi nayo yakasimamishwa, na kafyu ikawa saa moja jioni. Kampi ya wachumaji 64 ikabaki na 19.

Chai haikuwasubiri. Mvua ikikolea, ploti hurudiwa kila baada ya siku saba hadi kumi, na unachuma majani mawili na kichipukizi, basi. Ukifika siku ya kumi na nne, kikonyo kimekomaa, hakivunjiki tena kwa vidole, kinachanika na kuacha nyuzi. Chipukizi nyingine zimelala, hazina ncha. Hizo tunaziita banji, na kiwanda hakizitaki. Meza, yaani uso wa juu wa michai, ikishapanda juu ya kiuno, dawa yake ni kuikata juu kuisawazisha, kisha unakaa wiki kadhaa bila kupima hata kilo moja. Ploti mbili tuliziacha zipotee ili tuokoe tano.

Watu wa kufanya kazi walikuwepo tele. Shule zimefungwa, bodaboda hazibebi abiria, minada imesimama. Kila asubuhi walifika kwa miguu kutafuta kibarua. Lakini mchumaji wa Kigezi msimu huo anafikisha kilo 50 kwa siku, na hawa wapya walileta 12, wengine 15, nusu yake vijiti. Mama mmoja wa Kisoro, aliyekuwa amebaki kwa sababu ya mtoto mchanga, ndiye aliyewafundisha.

"Mwanangu, usikabe," alimwambia kijana mmoja wa bodaboda. "Kidole gumba na hiki kinachofuata, chini ya jani la pili. Vunja, usivute. Kiganja kikijaa tupa kikapuni, ukikaa nayo inapata joto."

Akalaza fito juu ya meza: kinachozidi fito ni cha leo, kilicho chini ni cha wiki ijayo. Mikono yake ilichuma yote miwili, macho yakiwa mbele kwenye chipukizi inayofuata. Kijana akajaribu miwili, akang'oa tawi zima.

Siku yao ya nne tulipima saa kumi jioni, ili wanaotoka mbali wafike nyumbani kabla ya kafyu. Lori halikuja. Lilikuwa limeruhusiwa watu watatu tu, kwa hiyo wapakiaji waliozoea kupanda nalo kituo hadi kituo hawakuwemo; dereva na tanboi walikuwa wakipakia wenyewe. Ikafika saa kumi na moja, ikafika saa kumi na mbili. Na wapya walikuwa wameshindilia majani kwa goti mpaka gunia linabeba kilo 20, wakati sisi hatupitishi 12, tena yakae yamelegea. Jani likishachumwa bado linapumua. Likibanwa, joto lake halina pa kutokea.

Nikafungua kamba, nikapenyeza mkono. Juu palikuwa na ubaridi wa mvua. Mkono ulipozama mpaka kiwiko nikakuta joto, lile la chini ya kuku anayeatamia. Nikatoa kiganja kimoja: kingo na mishipa zimegeuka rangi ya shaba, majani yanateleza, yananuka pombe. Mama wa Kisoro akachukua jani moja, akalipangusa kwa kitenge chake, akalinusa, akalirudisha bila neno. Tukamwaga kila kitu juu ya turubai, tukatandaza, tukageuza kwa mikono hadi giza. Magunia 9 kati ya 31 hayakupakiwa.

Ikabaki hesabu. Kiwanda hulipia kinachokipokea, lakini jasho la wale watu lilikuwa la kweli na mizani ilikwisha kuandika. Tuliwalipa nusu ya kilo zilizoharibika. Hakuna aliyekuwa amewaambia wasishindilie. Fito tuliwaonyesha, gunia hatukuwaonyesha. Sijui kama nusu ilikuwa haki.

Juni 4 mabasi yakaruhusiwa kubeba nusu ya abiria, ila wilaya za mpakani zikaachwa nje, na Kisoro na Kabale, huko Kigezi, ni mpakani. Julai 27 bodaboda nazo zikafunguliwa. Yule kijana wa bodaboda alikuwa amefika kilo 38, vijiti hamna. Kesho yake hakuja.

Gunia la leo ni la binti aliyeanza Jumatatu. Kilo 14. Nimeziandika zote, kisha nikamwita aone jinsi tunavyojaza.