Mashoto Watatu wa Kwamkoro

Sanduku lilikuwa la chai, la mbao nyembamba, na ndani yake vioo 64 vya picha za miti, za zamani zilizopigwa juu ya kioo badala ya filamu, vimelazwa kimoja juu ya kingine kama sahani za shughulini. Lilikaa miaka mingi kwenye ghala moja mjini Tanga, karibu na bahari. Vioo vya picha havilazwi hivyo. Uzito wa vya juu huvunja vya chini, na unyevu wa pwani hulainisha utando wa jelatini wenye picha mpaka ukashikana na kioo cha jirani. Husimamishwa kwa ubavu mrefu, kila kimoja na bahasha yake ya karatasi isiyo na asidi; kinacholazwa ni kile kilichokwisha kuvunjika. Viwili tulivikuta vimegandana. Mwenzangu akavitenganisha kwa kisu chembamba, na picha ya kimoja ikabanduka nzima ikabaki mgongoni mwa kingine. Jozi ya pili iliyogandana hatukuigusa.

Hiyo ilikuwa Julai 2011, nasi tulipewa majuma matatu kuvipiga picha vioo vyote kwa kamera ya dijitali.

Kabla ya kusoma maandishi yoyote tulipima kwa rula. Sentimita 9 kwa 12, au 13 kwa 18, ni vipimo walivyopenda Wajerumani. Nusu-bamba ya Kiingereza ni inchi 4¾ kwa 6½, karibu sentimita 12 kwa 16.5. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara Mashariki, zilikotoka picha hizi, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikashikwa na Waingereza, kwa hiyo rula ilikuwa inatuambia enzi ya picha upesi kuliko bahasha. Bahasha nyingi ziliandikwa upya na mtu ambaye hakuwahi kuuona mti wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ulihamia Muguga, Kenya, na mikusanyo ya mimea mikavu ikaenda Nairobi. Majani yakaenda Nairobi, picha zikabaki huku, na karatasi za kuziunganisha zikapotea njiani.

Usafi ulikuwa wa upande mmoja tu. Upande wa kioo kitupu unang'aa. Upande wa picha umefifia, hauakisi taa. Ule unaong'aa tuliupangusa kwa pamba iliyolowa kidogo tu, maji ya betri (yale ya kuongezea, si yale makali) yakichanganywa na spiriti. Upande wa picha haukupata hata tone, ulipulizwa vumbi kwa pampu ya mpira basi. Glavu zilikuwa za mpira, maana za pamba huteleza, na kioo kikikuponyoka hakina cha kuungwa.

Kwenye meza ya mwanga tulikiinua kila kioo sentimita tatu juu ya plastiki nyeupe, ili mikwaruzo ya plastiki isionekane, kisha tukazungushia karatasi nyeusi. Bila hiyo karatasi mwanga wa pembeni huingia kwenye lenzi na vivuli vya msitu vikageuka kijivu. Upande wa picha ulitazama juu, kwenye kamera, ili lenzi isipige kupitia unene wa kioo. Hapo ndipo pana mtego. Kioo kinasomeka sawa ukikitazama kupitia upande unaong'aa. Ukikipiga kutokea upande wa picha, unapata taswira ya kwenye kioo cha kujitazamia: kulia ni kushoto. Lazima kila faili igeuzwe kwenye kompyuta. Tuligeuza namba 1 hadi 16. Kisha umeme ukakatika, tukaenda kula, na tuliporudi tukaendelea na namba 17 tukidhani mwenzetu anageuza. Naye alidhani ni sisi.

Picha ya nyumba au ya stesheni ingetushtua, kwa sababu ya herufi. Mti hauna herufi.

Juma la tatu tulipanda Amani na picha sita zilizochapwa kwenye karatasi, tukitaka kupiga upya kutoka pale pale aliposimama mpiga picha wa kwanza. Tuliyoitamani zaidi ilikuwa ya mnyasa mkubwa, shina lake limeegemewa na mizizi mipana kama milango, na mbele yake mtu amesimamishwa awe kipimo, panga mkononi. Kwenye bahasha paliandikwa Kwamkoro, na Piptadenia. Hilo ni jina la zamani la Newtonia buchananii. Anayetafuta kwa jina la sasa peke yake hataiona picha hii, kwa hiyo kwenye daftari huwa naandika yote mawili.

Huendi kuutafuta mti, kwa kuwa mti huanguka, hunenepa, hukatwa. Unatafuta jiwe. Nyuma ya mnyasa palikuwa na jabali lenye ufa wa mshazari, na mteremko ulioshukia kushoto kwenye kijito. Siku mbili tulifuata vijito vyenye jabali kulia na bonde kushoto. Hakuna kilicholingana. Nilianza kuilaumu bahasha.

Siku ya tatu asubuhi, ukungu haujapanda, mzee aliyekuwa akituongoza aliomba picha zote sita. Akazipanga juu ya gogo, akazitazama kwa muda.

"Wanangu, hawa watu watatu wote ni mashoto?"

Tukainama. Katika picha tatu zenye watu, kila mmoja alishika panga kwa mkono wa kushoto.

"Mmoja nitakubali," akasema. "Watatu, mmewatoa wapi?"

Niliichukua karatasi ya mnyasa, nikaigeuza, nikaiinua kuelekea kwenye mwanga na kuitazama kutokea mgongoni. Panga likahamia kulia. Jabali likahamia kushoto, bonde likaenda kulia. Mzee hakungoja nimalize. "Hapo napajua," akasema, akatangulia.

Jabali tulilikuta kabla ya saa sita, na ufa wake ule ule. Mnyasa haukuwapo. Palikuwa na tuta la udongo pale mizizi ilipong'oka, na juu yake Maesopsis eminii, mti ulioletwa ambao huwahi kuliko wenyeji kila palipoingia mwanga. Bado tulipiga. Unachagua vitu viwili, kimoja karibu na kimoja mbali, hapa ncha ya ufa na pembe ya mwamba wa ng'ambo ya kijito, kisha unasogea kulia na kushoto mpaka vipishane kama kwenye karatasi. Lenzi isikusumbue, picha itakatwa baadaye; kinachoamua ni miguu yako iko wapi. Kamera tuliiweka wima kabisa bila kuiinamisha juu, maana ukiiinamisha mashina huonekana yanaangukiana. Wapigaji wa zamani walipandisha ubao wa lenzi tu, kamera ikabaki wima. Mzee alisimama mahali pa yule mtu, na fimbo ya mita mbili iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe ikasimamishwa kando yake.

Tanga tulirudi usiku. Kesho yake nilifungua faili kuanzia namba 17 hadi 64, moja moja, nikigeuza na kulinganisha na kioo chenyewe, siku nzima. Kwenye kisanduku cha maelezo cha namba 23, ambapo mtu wa kwanza aliandika tu aina ya mti na kimo, niliongeza: mwanamume mmoja, panga mkono wa kulia, jina halikuandikwa.