Matokeo yametoka, na mkono unagoma kubofya

Kila unapoahirisha kufungua matokeo ya mitihani ya chuo, mwili unapata nafuu ya muda, na nafuu hiyo ndiyo inayoulisha woga. Kesho ukurasa uleule unatisha zaidi. Ndiyo maana "nitaangalia nikitulia" haifanyi kazi: utulivu huja baada ya kuangalia.

Kabla ya kufungua, piga hesabu. Tuseme kazi za muhula zina alama 40, mtihani 60, na kufaulu ni 50. Ukiwa tayari na 28, ulihitaji 22 tu kwenye mtihani. Andika makisio ya kila somo kwenye karatasi. Kichwa kikiachiwa kukisia chenyewe, kitakufelisha yote.

Panga saa, iwe mchana, siku ya kazi, ofisi za chuo zikiwa wazi. Usiku wa manane ndio wakati mbaya kuliko wote: huna wa kumuuliza, na usingizi umeshaharibika. Zima kwanza arifa za lile kundi la WhatsApp la darasa. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, mara tano hivi, kisha bofya hata kama moyo bado unadunda. (Mfumo ukikwama, huenda umezidiwa na watu; si dalili ya kufeli.)

Soma somo mojamoja, usirukie wastani. Nafasi tupu mara nyingi ni alama ambazo hazijaingizwa. Palipo na kasoro, tafuta siku hiyohiyo tarehe ya mwisho ya kukata rufaa au kujiandikisha kwa mtihani wa marudio, maana muda huo huwa mfupi.