Siku moja maishani mwangu: nesi wa Kayole na maswali tisa

Saa kumi na moja alfajiri
Naamka nyumbani mtaani Umoja, Nairobi, kukiwa bado giza. Uji wa watoto, chai yangu, sare niliyoipiga pasi jana. Kufikia saa kumi na mbili na nusu niko kwenye matatu ya Kayole, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mna karatasi moja iliyochakaa yenye maswali tisa ya kupima sonona, yaani huzuni iliyozidi hadi ikawa ugonjwa, na siiachi popote. Mama yangu, kule Murang'a, alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka miwili. Alikatazwa maharagwe, akapigwa picha, akabadilishiwa dawa. Hakuna aliyemuuliza analalaje tangu baba afariki.

Saa mbili asubuhi
Foleni imefika langoni. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye meza ya kupimia presha, sijasikia mgonjwa akisema, "Nina sonona." Watu husema kichwa kizito, mgongo unawaka, moyo unadunda, usingizi umehama, chakula hakina ladha. Wakikaribia sana ukweli husema wanawaza sana. Mhudumu aliyechoka huandika Panadol. Nami nimewahi kuiandika hivyo, na ninajuta.

Saa tatu
Kijana wa bodaboda, mara yake ya tatu mwezi huu. Moyo unataka kutoka kifuani, vidole vinaingia ganzi, pumzi inakata, anahisi anakufa. Kipimo cha moyo ni safi, na alikopimwa aliambiwa hana kitu, arudi kazini. Hilo huniuma. Mtu anayetetemeka ukimwambia hana kitu umemfukuza.

Namuuliza ilianza lini. Ni baada ya ajali kwenye barabara ya Kangundo. Abiria wake alivunjika mguu. Sasa akikaribia tu pale, jasho linamtoka. Namweleza kwamba mwili ukidhani kuna hatari humwaga adrenalini, homoni ya kujihami, moyo hukimbia ili misuli ipate damu, na pumzi huenda mbio. Hofu hiyo ya ghafla hupanda kwa dakika chache, kisha hushuka yenyewe. Tunapumua pamoja, tukiitoa pumzi polepole kuliko tulivyoivuta.

"Kwa hivyo, daktari, mimi si mwendawazimu?"

"La, ndugu yangu. Ni wasiwasi uliozidi hadi ukawa ugonjwa, na unatibika. Kwa mazungumzo, na dawa zikihitajika." Nampangia kumwona mshauri wetu Alhamisi. Anaandika siku hiyo kwenye kiganja chake.

Saa tano
Mama auzaye sukuma wiki. Kichwa kinamuuma mwezi wa pili sasa. Presha yake iko sawa, malaria hana. Natoa karatasi yangu.

Maswali yote yanahusu wiki mbili zilizopita: kukosa raha, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, kuwa mzito au kutotulia, na la tisa, kuwaza kuwa heri ungekufa au kutaka kujidhuru. Kila jibu lina alama kati ya 0 na 3, jumla 27. Anayefika 10 simruhusu aende bila kuzungumza naye kwa kina. Huyu kabla ya swali la mwisho ameshafika 17.

Swali la tisa wenzangu wengi huliruka. Wanahofia kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo ilivyo. Kuuliza waziwazi hakumpandikizii mtu nia ya kujiua. Mara nyingi humtua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Nalisoma taratibu, nikimtazama. Ananyamaza, anakunja ncha ya leso.

"Usiandike hilo, mwanangu. Askari watanijia."

Hofu yake haikutoka hewani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Namwambia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakiuka Katiba. "Hakuna askari, mama. Tuko mimi na wewe." Ndipo anapolia, na kunieleza yote, madeni, mwanawe, na usiku wa Jumapili.

Simwachi peke yake hata dakika moja. Dadake anakuja, tunakaa watatu. Nikitaja Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, wote wawili wanashtuka, maana mtaani jina hilo ni tusi. Ninaelewa. Pale palifunguliwa mwaka 1910, enzi za mkoloni, kama nyumba ya wendawazimu, na aibu ile haijatoka hadi leo. Lakini wagonjwa wengi siku hizi huenda kliniki, wakaonana na daktari, wakarudi nyumbani jioni. Saa saba wanaondoka na barua ya rufaa, mhudumu wa afya ya jamii akiwasindikiza.

Saa tisa alasiri
Mwalimu wa nasari aliyeanza kumeza fluoksetini, dawa ya sonona, siku kumi zilizopita anataka kuacha. Tumbo linamchafuka na huzuni iko palepale. Hakuna aliyemwambia kwamba kichefuchefu hutangulia, nafuu huchelewa wiki kadhaa, na dawa hii haiachwi ghafla bila daktari. Maneno hayo yangepaswa kutolewa pamoja na kidonge cha kwanza. Anakubali kungoja.

Saa kumi na moja jioni
Tunafunga. Nabandika upya mlangoni namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, maana mvua iliifuta. Kupiga ni bure, na usiku sisi hatupo.

Saa moja usiku
Ujumbe wa dadake yule mama: "Wamemlaza. Amekunywa uji. Nitalala kwa watoto wake."

Nausoma mara mbili, kisha nampigia mama yangu. Ananiambia jana alilala hadi jogoo alipowika, na kwamba ng'ombe amezaa ndama jike.