Sare ya shule kwenye dirisha la gari

Leo asubuhi, nilipomaliza zamu ya usiku ya kumhudumia mzee mmoja katika mtaa wa kitajiri wa River Oaks hapa Houston, nilimkuta mama anayesafisha nyumba ya jirani akimchana binti yake nywele ndani ya gari.

Dirishani ilining'inia sare ya shule.

Ilikuwa imepigwa pasi, marinda ya sketi yamesimama sawasawa, na tangu hapo sijaweza kuitoa akilini. Aliniambia, bila kulalamika, kwamba wanalala humo tangu kodi ilipopandishwa, na kwamba nguo za mtoto huzipigia pasi kazini, katika nyumba yenye vyumba vya wageni ambavyo havilaliwi na mtu.

Ndugu zangu, mama huyu si mvivu. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, ambacho ndicho kinachotumika hapa kwetu Texas, ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaongezwa tangu mwaka 2009. Kwa takwimu za benki kuu, asilimia 1 ya kaya tajiri zaidi inamiliki karibu asilimia 30 ya utajiri wa nchi, na nusu nzima ya kaya zote, zile za chini, hugawana takriban asilimia 2.5.

Takwimu hizo nilizijua. Leo zimenichoma.

Mnaoishi huku, ninyi mmeona nini? Na anayejua mahali hapa Houston ambapo mama na mtoto hupokelewa pamoja, tafadhali aniandikie leo hii.