Upatu wa viraka: nilivyopata shuka la nne kwa sita

Upatu wa fedha kila mtu anaujua. Sisi akina mama wa mtaani kwetu hapa Tanga tunacheza upatu wa viraka. Tuko 12, kila mwezi kila mmoja, mwenye zamu naye akiwemo, anashona vipande viwili vya mraba kwa ajili ya mwenye zamu. Hesabu yake ndiyo iliyonivuta. Kitanda cha futi nne kwa sita kinakula miraba 24 ya futi moja moja, na wanachama 12 mara mbili ni 24. Yaani ukifika mwezi wako, uso wa shuka umekamilika, bado kuunganisha.

Lakini hapo kwenye kuunganisha niliwaona wenzangu walionitangulia wakitoka jasho. Kipande kimoja kina inchi 12, kingine 11 na ushei, kingine upande mmoja umepinda. Wala si uzembe. Cherehani ni tofauti, futi za kupimia nyingine zimevutika kwa uzee, na kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika chenyewe ukikipiga pasi. Ukilazimisha vilingane kwa kuvuta, shuka linatuna katikati na halilali tena.

Kwa hiyo zamu yangu ilipokaribia niliomba kitu kimoja: jamani, mimi nishonieni inchi 10, rangi yoyote. Bi mkubwa wetu akaguna, "Mwenzetu kitanda chake kimepungua?" Nikamwambia subiri, bibi.

Mabaki ya vitambaa tunayoshonea tunaokota kwa mafundi cherehani wa Ngamiani, hapa hapa Tanga. Zamani walikuwa wanasema, "Chukua dada, unanipunguzia kufagia." Siku hizi wameshtuka, kiroba kina bei. Vitenge vya siku hizi vingi havina pamba hata chembe, basi mimi nachomoa uzi na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ile nyingine inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Ya kidonge naiweka kando, maana pasi ya kunyoosha pamba itaikunja.

Vipande vilipofika, vilikuwa kati ya inchi 9 na nusu na 10 na nusu, kama nilivyotegemea. Nikanunua marikani, kitambaa cha pamba, nikaifua kwanza kwa sababu inarudi ikilowa, nikaikata mikanda ya inchi mbili na nusu. Kila kipande nikakizungushia fremu: mikanda miwili ubavuni, pasi, halafu ya juu na chini, pasi tena. Hapo kila kimoja kikawa kikubwa kuliko ninachohitaji, na ndivyo nilivyotaka.

Kisha nikakata kadibodi ya boksi, mraba wa inchi 12 na nusu, nikachora msalaba katikati kwa kalamu ya wino mzito na kutoboa tundu pale mistari inapokutana. Kadibodi inakaa juu ya kipande, tundu linaangukia katikati ya kiraka, unapitisha chaki pembeni, unakata. Ile nusu inchi ni ya mshono, robo kila upande. Vipande vyote 24 vikatoka sawasawa. Tofauti yote ilimezwa na marikani. Fremu moja ni nyembamba, nyingine pana kidogo, na jicho halishtuki.

Kuunganisha kulikuwa kwepesi. Nilishona mistari sita ya vipande vinne vinne. Mshono wa mstari wa kwanza niliulaza kulia, wa pili kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Mistari miwili ikikutana, mishono inabanana yenyewe na pembe zinagusana bila pini nyingi. Pembeni nikaongeza mpaka wa inchi tatu.

Pamba ya katikati sikuweka, kwa joto la Tanga nani anaitaka? Bitana ni doti moja ya kanga iliyounganishwa ubavu kwa ubavu, inatosha na chenji inabaki, nikapitisha cherehani juu ya mishono ya marikani ili matabaka yashikane.

Bi mkubwa alilikagua upande wa ndani kwanza, kama kawaida yake. Zamu inayofuata ni yake, na ameshaagiza: inchi 10, buluu na nyeupe tu. Sasa mafundi wote wa Ngamiani wanatushangaa tunavyogombania buluu.