Meng Hao na hati zake za madeni

Leo nimemaliza "I Shall Seal the Heavens", riwaya ya mtandaoni ya Mchina Er Gen. Sura 1,614, jamani!

Meng Hao, msomi fukara aliyefeli mitihani ya serikali, anatekwa na mwanadada Xu Qing na kufanywa mtumishi kwa watu wanaosaka kuishi milele.

Kinachoniua ni uchu wake wa pesa. Anamtwanga mtu, kisha anamwandikisha hati ya deni! Nimecheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda kanikodolea macho.

Ila kati inachosha. Akipanda ngazi ya nguvu tu, anaibuka jeuri mwingine wa ukoo mkubwa: majigambo yale yale, kipigo kile kile. Nilikuwa naruka kurasa. Na Xu Qing anapotezwa kwenye hadithi muda mrefu mno, hilo silisamehe.

Nani kaisoma? Mlivumiliaje pale kati?